Plasta Nyeusi Juu ya Taa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kamera ya Baba Mdogo Mateaki kilikuwa kipande cha plasta nyeusi. Kilibandikwa mbele, juu ya lenzi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, na pembe yake moja ilikuwa imeanza kubanduka na kushika vumbi. Niliitazama kamera ile wiki nzima kabla ya kuigusa, na kila nilipoitazama, jicho langu lilikwenda kwenye plasta.

Sikuuliza ni ya nini. Mimi si mtu wa kuuliza. Mama Mdogo Lupe ndiye aliyeniambia mwenyewe, siku moja tukifua.

"Chini yake kuna taa nyekundu," alisema. "Kamera ikirekodi inawaka. Ba'mdogo wako ameiziba kwa sababu ya bibi zako wa kanisani. Msibani wanalia vizuri kabisa, wakiona taa imewaka wanafuta kamasi na kukaa wima, utadhani wanapigwa picha za pasipoti."

Nilicheka. Sikujua kwamba plasta ile itanihusu.

Nilikuja Tongatapu, kisiwa kikuu cha Tonga, kutoka visiwa vya Ha'apai nikiwa na miaka kumi na saba. Shule niliiacha darasa la tano, bibi yangu alipopooza upande mmoja na hakukuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Bibi alipofariki, Mama Mdogo akanichukua. Mumewe, Mateaki, alikuwa mpigapicha wa video, na kijijini kwetu hakukuwa na mwingine. Alirekodi harusi, alirekodi watoto wakitimiza mwaka, alirekodi misiba, na kanda zilikwenda Auckland na Sydney kwa ndugu walioshindwa kuja. Mimi nilibeba betri, nyaya na ile stendi ya miguu mitatu. Niliipenda kazi hiyo. Aliyebeba stendi hatazamwi na mtu.

Kisha akafa Mzee Siosiua.

Alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Mateaki, kwa hiyo Mateaki alikuwa mtoto kwake. Na kwetu, watoto wa marehemu na watoto wa wadogo zake ndio walio chini msibani. Wanavaa mikeka mikubwa iliyochakaa mpaka kifuani, hawachani nywele, hawausogelei mwili. Kazi yao ni jikoni, kwenye moto na matanuri ya shimoni, mpaka mazishi yaishe. Aliye juu ni mtoto wa dada wa marehemu. Yeye ndiye anayeketi kichwani pa maiti na kupokea mikeka ya rambirambi, na hakuna wa kumwambia neno. Siku ile aliyeketi hapo alikuwa Shangazi Fusipala.

Basi Mateaki, aliyewarekodi maiti wote wa kijiji, hakuweza kumrekodi wa kwao.

Asubuhi ya siku iliyotangulia mazishi, simu ililia kutoka Sydney. Alikuwa Kalolaine, binti pekee wa Mzee Siosiua. Mateaki aliweka simu mezani sauti ikitoka wazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na majivu.

"Mateaki, kaka yangu, siwezi kuja," Kalolaine alisema. "Makaratasi yangu ya ukaazi bado yako mezani kwa wakubwa. Nikitoka sirudi, na watoto wangu wako huku."

"Tunajua, dada. Hakuna anayekulaumu."

"Usinidanganye. Fusipala yuko hapo?"

Mateaki alicheka kidogo. "Yuko."

"Basi yupo anayenilaumu. Sikiliza. Sitaki mikeka, sitaki mahubiri. Hayo nayajua. Nataka uso wa baba. Watu wakianza kumbusu kwaheri, nataka uso wake, mpaka wanamfunika. Nina miaka kumi na moja sijauona."

"Utauona."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, dada."

Simu ilipokatika, Mateaki alinitazama. Nilikuwa nimeinama nakunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Ofeina, wewe si damu ya mzee," alisema. "Wewe unaweza kusimama pale."

Alinifundisha mchana huohuo, uani, tukirekodi nguruwe. Kamera ilikuwa nzito, inakaa begani kama mtoto aliyelala. Nilipoweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia, nguruwe walikuwa weupe na weusi, hawana rangi.

"Kitufe ni hiki kimoja," alisema. "Bonyeza, inaanza. Bonyeza tena, inasimama. Usizungushe kitu kingine chochote. Shika pumzi ukikaribia uso. Umeelewa?"

"Ndiyo, Ba'mdogo."

Ndani ya kitundu kulikuwa na tarakimu pembeni, na neno la Kiingereza juu. Kila nilipobonyeza, neno lilibadilika. Moja lilikuwa fupi, jingine refu kidogo. Sikujua lipi ni la kuanza na lipi ni la kusimama. Nilitaka kuuliza. Lakini alikuwa amechoka, macho yamevimba kwa kumlilia baba yake mkubwa, na nilijua akisikia siwezi kusoma maneno mawili atanionea huruma. Nikasema tena ndiyo.

Siku ya mazishi jua liliwaka mapema. Mateaki alivaa mkeka uliochanika, unaburura nyuma, na binamu zake jikoni hawakumwacha apumue.

"Leo mpigapicha anapiga moshi!"

"Mateaki, magimbi yakiungua utayarudisha nyuma tuyaone yakiwa mabichi?"

"Endeleeni," alisema. "Na mimi nitawarekodi siku yenu, nitawapiga kwa chini, matundu ya pua tu."

Gari lililobeba jeneza lilipoonekana, alikimbia mpaka nje ya ua na kamera begani. Hapo aliruhusiwa, kulikuwa mbali. Alilirekodi gari likija taratibu, bendi ya kanisa ikiwa mbele. Lilipofika langoni hakuweza kuingia nalo. Akaishusha kamera na kuniwekea begani kwa haraka, mkeka wake ukinikwaruza shingo.

"Haya, chukua! Nenda nao, usimwache!"

Akarudi jikoni mbio.

Kamera ilikuwa inarekodi. Yeye alidhani najua, kwa kuwa alikuwa anarekodi mbele ya macho yangu. Taa ingekuwa wazi, ningeiona imewaka wakati ananikabidhi. Lakini ilikuwa imezibwa, na mimi nikafanya nilivyofundishwa. Nilibonyeza ianze. Hapo ndipo nilipoizima.

Tangu hapo kila kitu kilikwenda kinyume. Jeneza likishushwa, kamera imelala. Nikichoka bega nabonyeza isimame, naishusha ikininginia kiunoni, nayo inaamka na kurekodi nyasi. Wanawake wakiingia na mikeka mirefu mabegani, kamera imelala. Nikingoja kwenye kona, kamera macho.

Shangazi Fusipala alikuwa ameketi kichwani pa mzee, amevaa vizuri, hana mkeka mbovu. Aliniona nikisogea.

"Binti wa Ha'apai! Upande huu usinipige, kuna jino limetoka."

Wanawake wakacheka chini ya viganja. Uso wangu uliwaka moto. Nikarudi nyuma nikamkanyaga mtu.

"Kanyaga tu, mama," mwenye mguu alisema. "Nina mwingine."

Wakacheka zaidi. Nilibonyeza kitufe, nikaishusha kamera, nikatazama chini mpaka wakaanza wimbo.

Kisha ulifika wakati wa kumbusu mzee. Nilibonyeza, nikaukaribia uso wake, nikashika pumzi. Bibi Ilaisaane, mjane wake, aliletwa akiwa ameshikwa mikono miwili. Alimbusu shavu, kisha kipaji cha uso, na akakaa hapo. Wakaja wengine. Niliuona uso wa mzee kwa karibu kuliko mtu yeyote mle ndani.

Kuna jambo hapa naliruka. Nitalirudia.

Akafunikwa. Akabebwa. Makaburini walimwagia mchanga mweupe, mchungaji akasema, bendi ikapiga. Nilirekodi yote hayo kwa jicho langu tu. Jioni nilimpelekea Mateaki kamera jikoni. Alikuwa na masizi mpaka masikioni.

"Umempata?" aliniuliza. "Uso?"

"Ndiyo," nilisema.

Kanda haikutazamwa mpaka siku kumi za msiba zilipokwisha. Jumamosi mchana ukoo ulikusanyika kwa Bibi Ilaisaane kuiona kabla haijapelekwa Sydney. Wanawake walikaa ndani, sakafuni. Wanaume walibaki barazani, wakichungulia kwa dirishani, kwa sababu kwetu kaka na dada hawakai chumba kimoja mbele ya televisheni. Mateaki alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Mimi nilikaa nyuma ya kabati la vyombo. Bibi Ilaisaane alikuwa amewekewa mto mbele kabisa.

Gari likaonekana. Bendi. Lango. Wanawake wakaanza kulia taratibu.

Kisha picha ikaruka, zikaja nyasi.

Nyasi, vidole vyangu vya miguu, kuku. Pindo la mkeka likipita. Picha ikaruka tena: miguu mingi, mingine, sakafu.

"Labda ni mwanzo tu," mtu alisema.

Zikaja nyasi nyingine. Binamu mmoja dirishani akasema, "Huyu kuku ni wetu?" Akapigwa kofi la kichogo.

Nilimwona Mateaki akielewa. Alinitafuta kwa macho, akaniona nyuma ya kabati, akayaondoa macho yake upesi. Heri angenipiga.

Picha haikuwa na uso hata mmoja, lakini sauti zilikuwepo. Wimbo ulisikika mzima, kwa sababu wakati wa kuimba nilikuwa nimepumzisha bega. Wimbo ulipoisha, sauti ya Shangazi Fusipala ikatoka kwenye televisheni, wazi kama vile anatusalimia.

"Na huyo Kalolaine wao? Analia kwenye simu. Wenzake tunalia kwenye mkeka, yeye analia kwenye simu. Angempenda baba yake angepanda ndege."

Bibi Ilaisaane hakugeuka. Aliushika mto wake tu, akaukunja pembe.

Fusipala alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwangu. Hakuna aliyeweza kumkemea, kwa nafasi yake. Shingo yake ilibadilika rangi. Kisha akanigeukia mimi.

"Nani alikutuma unirekodi? Eh? Ulitumwa kurekodi maiti au midomo ya watu?"

Nilijivuta zaidi nyuma ya kabati.

"Nasema na wewe, binti! Jeneza liko wapi? Uso wa mjomba wangu uko wapi? Tumekupa mtu mzima umrekodi, umetuletea kuku!"

"Dada Fusipala," Mateaki alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Msameheni mtoto. Kitufe ni kibovu. Kinajishika chenyewe. Nilijua kinasumbua, nikaona uvivu kukitengeneza. Kosa ni langu."

Kitufe hakikuwa kibovu.

Bibi Ilaisaane ndiye aliyemaliza. Alisema, bila kugeuka, "Izime sasa. Halafu mpelekeeni hivyohivyo. Aliahidiwa kanda."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Mateaki alitembea mbele na kamera, mimi nyuma na stendi. Karibu na nyumba alisimama, akaibandua plasta kwa ukucha. Ilitoka nusu, gundi ikabaki nyeusi.

"Nilikukabidhi ikiwa inakwenda, bila kukwambia," alisema. "Hata mimi ningekosea."

Nilitakiwa kusema neno hapo. Nilihamisha stendi kutoka bega hili kwenda lile.

Mwezi ule familia mbili za harusi zilichukua mpigapicha kutoka mjini, Nuku'alofa. Watu walipokutana na Mateaki dukani walimuuliza habari za kuku. Alicheka nao. Alikuwa akicheka hivyo, halafu akifika nyumbani anakaa muda mrefu kwenye ngazi bila kuvua viatu.

Alinakili kanda kwa kuunganisha mashine mbili, akaruka yale maneno ya Fusipala, akampa mtu aliyesafiri. Wiki mbili baadaye simu ililia. Mama Mdogo alipokea, akasikiliza, akaninyooshea.

"Kalolaine. Anakutaka wewe."

Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyeshika kamera?" aliuliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Usiogope, mwanangu. Nimeiona yote. Nimeiona mara nne." Nikasikia mtoto akilia nyuma yake na mlango ukifungwa. "Nimewajua wote kwa miguu, unajua? Ile miguu mipana ni ya Paongo. Fusipala bado anapaka kucha rangi, mpaka msibani, hebu fikiria! Na mama yangu. Mama ana kitambaa kwenye kidole cha mguu. Ni kidonda?"

"Ndiyo, Shangazi. Tangu mwezi wa pili. Ni sukari."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Sijui, Shangazi."

"Hakuna. Wote wananiambia mama mzima, mama mzima. Wewe umenionyesha." Alivuta kamasi. "Na wimbo nimeusikia wote. Sauti ya mama nimeitambua. Uso wa baba ndio sikuupata, lakini Mateaki amenieleza habari za kitufe. Mashine ni mashine. Zinaharibika. Wewe ulisimama pale jua lote lile kwa ajili yangu, na hunijui. Asante sana, mwanangu."

"Ndiyo, Shangazi," nilisema.

Hiyo ndiyo 'ndiyo' yangu ya mwisho, nayo ni mbaya kuliko zote.

Sasa ni miaka minne. Makaratasi ya Kalolaine bado hayajatoka. Mateaki amerudi kupata kazi, na mara nyingine mimi ndiye ninayebeba kamera na yeye anabeba stendi, mgongo unamsumbua. Mama Mdogo amenifundisha yale maneno mawili. La kurekodi ndilo fupi. Lilinichukua dakika moja kulijua. Taa iko wazi, imezungukwa na ile gundi nyeusi, na vikongwe wakiiona wanafuta kamasi.

Wiki hii nimesikia Kalolaine ameanza tena kuulizia, kama hakuna kipande chochote kilichobaki, hata kidogo, labda mwisho wa kanda. Nimekaa chini niandike. Kwa mdomo siwezi.

Shangazi Kalolaine, hakuna kipande. Lakini jambo nililoliruka ni hili.

Mama yako alipombusu baba yako na kukaa pale, nilidhani bora nipumzishe bega mpaka aje mwingine. Nilibonyeza kitufe, lakini safari hii sikuishusha kamera begani, niliinamisha lenzi tu mpaka kwenye miguu yao, jicho langu likabaki kwenye kitundu. Nikaziona zile tarakimu za pembeni zimeanza kukimbia. Alipokuja mwingine nikabonyeza, zikasimama. Nikaelewa papo hapo. Nilielewa yote, tangu langoni.

Mzee alikuwa bado hajafunikwa. Foleni ya kumbusu ilikuwa mpaka mlangoni. Mama yako aliona nywele zake zimechanwa upande usio wake, akalowesha kidole kwa ulimi na kuzirudisha alikozizoea, akamsugua kidogo juu ya sikio kama mtu anayefuta unga. Niliyaona hayo. Kulikuwa na muda wa kutosha. Kubonyeza mara moja tu.

Nilifikiri hivi: nikibonyeza sasa, kanda itaonyesha nyasi, nyasi, nyasi, halafu uso. Watajua ni hapa nilipogundua. Watajua jeneza na mikeka vimepotea kwa sababu mimi siwezi kusoma neno moja la Kiingereza, na Fusipala atalisema mbele ya wote. Lakini ikiwa mbaya mpaka mwisho, watasema msichana hakujua, au mashine imekufa. Watanihurumia. Nilichagua kuhurumiwa. Nikaendelea kushika pumzi na kuusogelea uso wa baba yako, kwa uangalifu, kama mtu anayefanya kazi, tarakimu zikiwa zimesimama mbele ya jicho langu, mpaka wakamfunika.

Kitufe kilikuwa kizima, Shangazi. Kidole changu kilikuwa juu yake muda wote.